Nyumba ya uani California: sheria ya jimbo, kanuni za jiji, na namba zinazoamua

Ukifika kwenye kaunta ya mipango miji ya jiji lolote la California ukauliza, "Mnaruhusu nyumba ya pili uani?", umeanza vibaya. Swali hilo limekwisha kujibiwa Sacramento, makao makuu ya jimbo, na kwa viwanja vya makazi jibu ni ndiyo. Kilichobaki mikononi mwa jiji ni vipimo, na hata vipimo hivyo vimewekewa mpaka ambao jiji haliruhusiwi kuuvuka. Anayeujua mpaka huo huchora ramani inayopita. Asiyeujua husikia "haiwezekani" ya mdomoni, akageuza gari na kurudi nyumbani, na haki yake ameiacha pale kaunta.

Vyumba vya uani si jambo geni kwa Waswahili. Dar es Salaam wapangaji wamekaa uani miaka yote, na Nairobi matangazo mengi ya nyumba hutaja SQ, yaani chumba cha mtumishi cha uani. California jengo la namna hiyo huitwa ADU (accessory dwelling unit, yaani nyumba ya ziada kiwanjani), na linahesabiwa hivyo pale tu linapojitegemea kwa kila kitu: pa kukaa, pa kulala, pa kula, jiko, choo na bafu. Chumba cha wageni kisicho na jiko si ADU, kwa hiyo hakipati kinga hata moja kati ya zinazoelezwa hapa.

Sheria yenyewe imo katika Msimbo wa Serikali wa California, ibara ya 66310 hadi 66342. Ilihamishiwa huko Machi 2024. Kabla ya hapo ilikuwa ibara ya 65852.2. Kumbuka namba hiyo ya zamani. Ukikuta fomu au kijitabu cha jiji bado kinaitaja, huenda kanuni zao hazijahuishwa, nawe soma kila mstari kwa makini zaidi.

Hatua ya 1: Jua unajenga aina gani

Kila aina ina masharti yake, kwa hiyo usichore hata mstari kabla ya kuamua.

Ya kwanza ni nyumba mpya inayosimama peke yake uani. Ya pili ni ya kushikana, inayoongezwa ubavuni au nyuma ya nyumba kuu. Ya tatu ni ya kubadilisha: gereji, stoo au sehemu ya nyumba iliyopo inageuzwa makazi. Ya nne ni JADU, mdogo wake ADU. Hii haizidi futi za mraba 500 (kama mita za mraba 46), hukaa ndani ya kuta za nyumba ya familia moja, na gereji iliyoshikana na nyumba huhesabiwa kuwa ndani. JADU ina mlango wake wa nje na jiko dogo, lakini inaruhusiwa kutumia bafu la nyumba kuu.

Wengi hawajui kwamba aina hizi zinajumlishwa. Kiwanja chenye nyumba moja ya familia kinaweza kupata ADU moja ya kubadilisha, nyingine mpya ya kusimama peke yake, na JADU moja. Kiwanja chenye jengo la fleti kina hesabu yake. Sehemu zisizo za makazi, kama stoo na vyumba vya mashine, zinaweza kugeuzwa ADU hadi asilimia 25 ya idadi ya fleti zilizopo, na angalau moja. Juu ya hizo, tangu 2025 zinaruhusiwa nyumba mpya za kusimama peke yake hadi 8, mradi zisizidi idadi ya fleti zilizopo.

Kubadilisha gereji ndiyo njia yenye vikwazo vichache vya mipango. Jengo lililopo halidaiwi nafasi ya kuacha mpakani, hata kama ukuta wake umegusa uzio. Unaruhusiwa pia kulivunja na kulijenga upya palepale kwa vipimo vilevile. Ukihitaji kulipanua kwa ajili ya mlango na njia ya kupita, unapata hadi futi za mraba 150. Ugumu wa gereji uko kwenye ujenzi wenyewe, na tutaufikia.

Hatua ya 2: Kichunguze kiwanja

Tafuta ramani ya upimaji na hati ya umiliki yenye ukurasa wa masharti. Unatafuta mambo manne.

Kwanza, mpaka halisi. Uzio si mpaka. Uzio wa jirani ukiwa umeingia kwako futi 1, au wako umeingia kwake, hesabu yote ya nafasi za mpakani inaharibika, nawe utaligundua siku mkaguzi amesimama juu ya mitaro ya msingi. Palipo na shaka mlipe mpimaji aliyesajiliwa aweke alama.

Pili, ukanda wa huduma. Viwanja vingi vina ukanda nyuma au ubavuni ambao kampuni ya umeme au idara ya maji ina haki ya kuupitia. Sheria ya ADU haikupi ruhusa ya kujenga juu yake. Waya za umeme zinazopita juu ya uani nazo zina umbali wake wa lazima.

Tatu, eneo maalumu. Karibu na bahari, sheria ya ulinzi wa pwani inaendelea kutumika na kwa kawaida utahitaji kibali cha pwani. Kwenye maeneo ya hatari kubwa ya moto wa nyika, vifaa vya nje vya paa, kuta, madirisha na matundu ya hewa lazima viwe vya kustahimili moto. Nyumba iliyo kwenye orodha ya urithi wa kihistoria ya jimbo inaweza kuwekewa masharti ya mwonekano.

Nne, chama cha wenye nyumba cha mtaa. Ikiwa masharti ya chama yanasema nyumba ya uani ni marufuku kwenye viwanja vya familia moja, kifungu hicho ni batili tangu 2020, kwa mujibu wa ibara ya 4751 ya Msimbo wa Madai. Chama kinaweza kuweka masharti ya busara, kwa mfano rangi ya paa, lakini si masharti yanayokuzuia kwa mlango wa nyuma au kupandisha gharama kupita kiasi. Mwenyekiti wa chama akikuandikia barua ya kukukataza, mjibu kwa maandishi ukitaja ibara hiyo.

Hatua ya 3: Namba za ukubwa, kimo na umbali

Hapa ndipo sheria ya jimbo inaposhika. Ziandike namba hizi kwenye karatasi moja uende nayo kila kikao.

Nafasi ya kuacha mpakani ni futi 4 (mita 1.2) ubavuni na nyuma. Jiji haliwezi kudai zaidi. Mbele, jiji linaweza kuwa na nafasi yake, ila haiwezi kutumika kukunyima nyumba ya futi za mraba 800.

800 ndiyo namba yenye nguvu kuliko zote. Nyumba ya uani ya futi za mraba 800 (mita za mraba 74) au chini, yenye futi 4 ubavuni na nyuma na isiyovuka kimo kinachoruhusiwa, haiwezi kuzuiwa kwa hoja kwamba kiwanja ni kidogo, majengo yamekijaza, uwiano wa sakafu na kiwanja umezidi, au nafasi ya wazi haitoshi. Ikiwa inasimama peke yake kwenye kiwanja cha nyumba ya familia moja, inaingia kwenye ibara ya 66323, ambako jiji halina ruhusa ya kuongeza masharti yake ya usanifu. Kwenye kiwanja kidogo, kupanda kutoka 800 kwenda 850 ni kuacha ngome na kutoka nje. Unapata chumba cha kuhifadhia viatu, na kanuni zote za jiji zinaanza kukuhusu. Fikiri mara mbili.

Kwa anayetaka kubwa zaidi, jiji haliwezi kuweka kikomo cha chini ya futi za mraba 850 kwa nyumba isiyo na chumba cha kulala au yenye kimoja, wala chini ya 1,000 kwa yenye vyumba zaidi. Jiji lisilo na kanuni zake halali hutumia za jimbo: hadi 1,200 kwa ya kusimama peke yake, na kwa ya kushikana hadi nusu ya nyumba kuu iliyopo.

Kimo: futi 16 (mita 4.9) kwa ya kusimama peke yake. Futi 18 ikiwa uko ndani ya nusu maili ya kutembea kutoka kituo kikuu cha usafiri au barabara yenye mabasi ya mara kwa mara, pamoja na 2 za ziada ili mteremko wa paa ulingane na wa nyumba kuu. Futi 18 pia ikiwa kiwanja kina jengo la fleti la ghorofa. Ya kushikana hupata hadi futi 25 au kimo cha eneo hilo, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Jaribu hesabu. Kiwanja ni futi 50 kwa 120. Nyuma ya nyumba kuu kuna futi 42 za kina. Toa 4 za nyuma na 10 za kutenganisha na nyumba kuu, zinabaki 28. Kwa upana, 50 ukitoa 4 kila upande zinabaki 42. Jengo la futi 24 kwa 31 kwa nje, yaani 744, linakaa vizuri na kubakisha nafasi. Hizo 744 hazikuchaguliwa kwa bahati, na hatua inayofuata inaeleza kwa nini.

Hatua ya 4: Namba za ada

Ada za miundombinu, zile zinazotozwa kwa ajili ya bustani, barabara, maktaba na kadhalika, hazitozwi kwa ADU isiyozidi futi za mraba 750 za ndani. Ukipita hapo unatozwa, lakini kwa uwiano na nyumba kuu. Nyumba kuu ikiwa futi 1,600 na ya uani 800, unalipa nusu ya ada ambayo nyumba kuu ingelipa. Dai upewe hesabu kwa maandishi uikague, maana kosa la kutoza ada kamili au kutotumia uwiano si la ajabu. Tena usichore 750 kamili. Acha futi chache, kwa sababu marekebisho ya ukuta mmoja wakati wa kukaguliwa ramani yanaweza kukuvusha.

Ada ya shule ni jambo jingine, hailipwi jijini. Wilaya ya shule inaweza kuitoza kwa ADU inayozidi futi 500, na kibali hakitoki hadi ulete risiti yake. Watu hukwama wiki nzima dakika ya mwisho kwa sababu hakuna aliyewaambia ofisi hiyo iko jengo tofauti.

ADU iliyo ndani ya nyumba au jengo lililokuwepo kwa kawaida haiwezi kulazimishwa kuwa na muunganisho mpya wa maji au maji taka wala kulipa ada yake. Mpya ya kusimama peke yake inaweza.

Ada za kukagua ramani na za kibali zipo palepale kwa kila mtu, ziweke kwenye bajeti. Na ukiona tangazo la ruzuku ya dola 40,000 ya jimbo kwa ajili ya ADU, tambua kwamba fedha za mpango huo ziliisha mwishoni mwa 2023. Usimlipe mtu "akujazie fomu".

Hatua ya 5: Maegesho

Jiji haliwezi kudai zaidi ya nafasi 1 ya gari kwa nyumba au kwa chumba cha kulala, ipi iliyo ndogo. Nafasi hiyo inaweza kuwa kwenye njia ya gari, gari moja nyuma ya jingine. Ukivunja au kubadilisha gereji, hudaiwi kurudisha maegesho yaliyopotea.

Na mara nyingi hudaiwi chochote: ikiwa uko ndani ya nusu maili ya kutembea kutoka usafiri wa umma, ikiwa uko kwenye eneo la kihistoria, ikiwa ADU iko ndani ya jengo lililokuwepo, ikiwa mtaa una vibali vya kuegesha na mkazi wa ADU hapewi, au ikiwa gari la kukodi kwa pamoja liko ndani ya kitalu kimoja.

Angalia tofauti hii, kwa sababu hata maofisa huichanganya. Kwa maegesho, kituo chochote cha basi lenye njia maalumu na nauli iliyopangwa kinatosha. Kwa futi 18 za kimo, kinatakiwa kituo kikuu au barabara ya mabasi ya mara kwa mara. Chora njia ya miguu kwenye ramani, andika umbali, ambatanisha.

Hatua ya 6: Ramani inayopita

Kanuni za mipango zimelegezwa. Kanuni za ujenzi hazikulegezwa, na ndizo zinazorudisha ramani nyingi. Toleo la 2025 la kanuni za jimbo ndilo linalotumika kwa maombi kuanzia 1 Januari 2026.

*Moto.* Sheria ya mipango inakupa futi 4 kutoka mpakani, lakini kanuni ya ujenzi inasema ukuta ulio chini ya futi 5 kutoka mpakani lazima ustahimili moto kwa saa 1, kwa nyumba isiyo na vinyunyizio vya kuzima moto. Kati ya futi 3 na 5, milango na madirisha yote yasizidi asilimia 25 ya ukuta huo. Ukining'iniza upenu wa futi 1 kwenye ukuta ulio futi 4, ncha ya upenu iko futi 3 kutoka mpakani, nao chini yake lazima ukingwe. Kwa hiyo kama kiwanja kinaruhusu, sogeza nyumba futi 1 ndani uyaepuke masharti ya ukuta na madirisha, au futi 2 ili hata upenu huo wa futi 1 usidaiwe kinga. Kati ya nyumba kuu na ya uani kanuni huchora mpaka wa kufikirika. Zikitenganishwa futi 10, futi 5 kila upande, kuta hazidaiwi kinga hiyo. Ndiyo maana ya zile 10 katika hesabu yetu. Nyumba ya kushikana inadai ukuta wa kutenganisha wa saa 1.

Vinyunyizio vyenyewe havidaiwi kwenye ADU ikiwa nyumba kuu haidaiwi, na kujenga ADU hakuwezi kuwa sababu ya kuilazimisha nyumba kuu iviweke.

*Dirisha la kutokea.* Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha au mlango wa kutokea wakati wa hatari: uwazi halisi wa futi za mraba 5.7 (5.0 kwa sakafu ya chini), kimo cha uwazi inchi 24 au zaidi, upana inchi 20 au zaidi, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kosa la kila siku: dirisha la kuteleza la inchi 36 hufunguka nusu tu, na uwazi wake ni mdogo kuliko unavyoonekana. Pima linapofunguka, usipime fremu.

*Maji taka.* Bomba hushuka robo inchi kwa kila futi. Kutoka uani hadi kwenye muunganisho wa mbele ikiwa ni futi 80, linashuka inchi 20. Bomba la nyumba kuu likiwa halina kina hicho utahitaji pampu ya kusukuma, ambayo ina gharama yake na huharibika. Chimbua na upime kina kabla ya msanifu kuanza. Penye tangi la maji taka badala ya bomba la jiji, ofisi ya afya ya mazingira ya kaunti lazima iidhinishe, na inaweza kudai kipimo cha udongo kunyonya maji kilichofanywa ndani ya miaka 5.

*Umeme.* Nyumba nyingi za zamani zina meinswichi ya ampea 100. Nyumba ya uani yenye jiko, kipasha maji na kiyoyozi vya umeme mara nyingi hulazimu ampea 200. Fanya hesabu ya mzigo mapema na upeleke maombi kwa kampuni ya umeme siku ileile unayopeleka ramani jijini, kwa sababu siku za ukomo za kujibu maombi, zinazoelezwa katika Hatua ya 7, zinalibana jiji, haziibani foleni ya kampuni. Nyumba mpya ya kusimama peke yake kwa kawaida hudaiwa sola. Gereji iliyobadilishwa haidaiwi.

*Gereji.* Sakafu yake mara nyingi ina mteremko na haina karatasi ya kuzuia unyevu chini. Chini ya lile lango kubwa mara nyingi hakuna msingi, kwa hiyo ukuta wa kuziba lango unahitaji msingi mpya. Mbao ya chini ya ukuta iliyo chini ya inchi 8 kutoka udongoni lazima iwe iliyotibiwa dhidi ya kuoza. Dari isipungue futi 7 baada ya kuweka kizuia joto. Toboa sakafu mahali pawili uone unene kabla ya kuahidiwa bei na mtu yeyote.

Ukitaka njia fupi, tangu 1 Januari 2025 miji na kaunti zinatakiwa kuwa na mpango wa ramani zilizoidhinishwa mapema. Ukitumia ramani hiyo kwa nyumba ya kusimama peke yake, muda wa kujibiwa ni siku 30. Bado utahitaji mchoro wa kiwanja chako na hesabu ya msingi kulingana na udongo wako.

Hatua ya 7: Maombi na saa inayohesabu

ADU inayofuata vipimo huidhinishwa kwa kanuni zilizoandikwa tu. Hakuna kikao cha majirani, hakuna kamati ya mwonekano, hakuna ofisa wa kusema "sioni kama inapendeza". Kiwanja kikiwa na nyumba tayari, jiji lina siku 60 za kukubali au kukataa tangu maombi yakamilike. Zikipita kimya, maombi yanahesabiwa yamekubaliwa. Tangu 1 Januari 2026 jiji lina pia siku 15 za kazi kukuambia kama maombi yamekamilika na, kama hayajakamilika, kinachokosekana.

Neno "yamekamilika" ndilo limebeba kila kitu. Faili liwe na mchoro wa kiwanja wenye vipimo vya kila mpaka, miti mikubwa, mabomba na waya. Ramani za sakafu, za sura nne na za ukatiaji. Hesabu za mhandisi za msingi na kenchi. Fomu za nishati. Na barua fupi inayotaja ibara unayoombea. Andika wazi: "Naomba chini ya ibara ya 66323." Mkaguzi akiiona, anajua kanuni zipi aziweke kando. Hifadhi uthibitisho wa tarehe uliyowasilisha.

Jiji likikataa, ndani ya siku hizohizo lazima likupe kwa maandishi orodha kamili ya kasoro na namna ya kurekebisha kila moja. Hawaruhusiwi kukudai urekebishe ukiukaji wa zamani wa nyumba kuu usiohatarisha afya na usalama, wala kudai njia ya wazi maalumu kutoka barabarani hadi mlango wa ADU, wala kwamba mwenye nyumba lazima aishi hapo. Sharti la mwenye nyumba kuishi hapo limebaki kwa JADU peke yake, na tangu 2026 kwa ile tu inayotumia bafu pamoja na nyumba kuu.

Ukikataliwa kinyume cha sheria, omba kifungu kilichotumika kwa maandishi, kisha peleka malalamiko kwa idara ya nyumba ya jimbo, HCD. Idara hiyo hukagua kanuni za miji na kuandikia miji inayokiuka, na inaweza kulifikisha suala kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kanuni ya jiji isiyolingana na sheria ya jimbo ni batili, na vipimo vya jimbo vinashika nafasi yake.

Hatua ya 8: Mkandarasi na wakaguzi

Kagua leseni kwenye tovuti ya bodi ya wakandarasi ya jimbo, CSLB: iko hai, ni ya daraja sahihi, ina bima ya wafanyakazi. Malipo ya awali yasizidi asilimia 10 ya mkataba au dola 1,000, kidogo kati ya hivyo viwili. Ndiyo, dola 1,000 hata kwa mkataba wa laki mbili, isipokuwa mkandarasi ana dhamana maalumu iliyosajiliwa na bodi. Anayedai elfu 30 kabla ya kuchimba amevunja sheria mbele yako.

Fundi mwema wa kanisani au msikitini asiye na leseni ni hatari kwenu wote wawili. Kisheria hawezi kukudai mahakamani, nawe unaweza kudai urudishiwe kila senti, kwa hiyo udugu huo huishia pabaya. Ukichukua kibali kwa jina lako kama mjenzi-mwenyewe, mfanyakazi akianguka kutoka kwenye paa ni juu yako.

Kila unapolipa awamu, pata hati ya kuachilia dai kutoka kwa mkandarasi na kwa wauza vifaa. Usipopata, duka la mbao ambalo hakulilipa linaweza kuandikisha dai juu ya nyumba yako ingawa wewe umelipa.

Ukaguzi huenda kwa zamu: mitaro na vyuma kabla ya zege, mabomba ya chini, fremu pamoja na nyaya na mabomba, kizuia joto, bodi za jasi, kisha wa mwisho. Usifunike kitu kabla ya saini, kwa maana mkaguzi ana haki ya kukuambia ubomoe.

Ikiwa nyumba ilishajengwa bila kibali

Hili linawahusu wengi, hasa walionunua nyumba yenye "chumba cha ziada" nyuma. Ikiwa ilijengwa kabla ya 1 Januari 2020, jiji haliwezi kukunyima kibali kwa sababu inakiuka kanuni za ujenzi au vipimo vya ADU, isipokuwa hali yake ni ya hatari kwa mujibu wa ibara ya 17920.3 ya Msimbo wa Afya na Usalama: nyaya mbovu, paa la kuanguka, choo kisichofanya kazi na mengine ya namna hiyo. Jiji lazima liweke orodha hiyo wazi kwa umma. Anza na mkandarasi mwenye leseni wa binafsi aikague kwa siri yako kabla ya kwenda jijini, na ukusanye ushahidi wa tarehe: picha za setilaiti, bili, mikataba ya wapangaji, matangazo ya mauzo.

Kupangisha, kodi na kuuza

Jiji linaweza kukataza kupangisha kwa muda mfupi, na nyumba zilizoidhinishwa chini ya ibara ya 66323 lazima zipangishwe kwa zaidi ya siku 30. Usipige hesabu ya mkopo kwa mapato ya wageni wa usiku mmoja.

Los Angeles kuna jambo la kuangalia kwanza. Nyumba ya familia moja iliyojengwa kabla ya Oktoba 1978 inaweza kuingia chini ya udhibiti wa kodi ya pango wa jiji mara ADU inapoongezwa kiwanjani. Hapo inayobanwa ni nyumba kuu ya zamani, kwa kuwa ile mpya ya uani haiingii.

Kodi ya majengo haithaminiwi upya kwa nyumba yote. Chini ya Proposition 13 ya 1978, thamani ya zamani ya nyumba kuu hubaki, na kinachoongezwa ni thamani ya ujenzi mpya. Bili ya nyongeza huja peke yake, miezi kadhaa baadaye, na kampuni ya mkopo kwa kawaida haiilipi kwa niaba yako. Iwekee akiba.

Kwa mwenye nyumba wa kawaida, kuuza nyumba ya uani peke yake kunawezekana tu katika miji iliyokubali kutumia sheria ya 2023 ya kuigeuza fleti ya umiliki wa pamoja. San Jose ilikuwa ya kwanza, 2024. Hilo linahitaji idhini ya benki yenye rehani, ramani ya ugawaji na kuunda chama cha wamiliki. Kama ndilo lengo, liulize jiji lako kabla ya kumwaga zege, kwa sababu mita za maji na umeme zitakazotenganishwa huamuliwa mapema kwenye mitaro ileile ya mabomba.